Msokoto wa Ndani

Asubuhi ile mwaka ulianza upya. Sikuambiwa na mtu. Nilitoka kuteka maji nikakuta mafundi wanang'oa milango ya mtaa mzima na kuipachika ifungukie kulia, nikajua Shaba wameshinda. Mwerezi wanataka milango ifungukie kushoto. Hiyo ndiyo tofauti yao kubwa. Kama ipo nyingine sijaiona, na nimeishi chini ya wote wawili.

Siku moja kabla ulikuwa mwaka wa sita wa Mwerezi. Siku ile ukawa mwaka wa kwanza wa Shaba. Kila anayeshinda huanza kuhesabu moja, kana kwamba kabla yake jua lilikuwa halichomozi. Binti yangu Tatu alizaliwa mwaka wa tatu wa Shaba, wale Shaba wa zamani, kwa hiyo kwa hesabu mpya ilikuwa bado miaka miwili azaliwe. Nilimkuta jikoni anakoroga uji. Mimi mwenyewe kwenye daftari la Mwerezi ni mjane, na kwenye daftari la Shaba sijaolewa. Umri wangu siujui. Nimewahi kuwa na miaka thelathini mara nne, na katika hizo nne sikupata kupumzika hata mara moja.

Watu wenye nafasi huuliza vita hivi vilianza lini. Swali langu mimi ni dogo: mtu anamilikije bahari? Shamba unalizungushia ua. Nyumba unaitia kufuli. Mbuzi unamfunga kwenye kigingi. Bahari utaishika wapi? Maji uliyoyashinda asubuhi, mchana hayapo tena, yamekwenda kushindwa na mtu mwingine mahali pengine, na haya yaliyo mbele yako hayajasikia habari zako. Unaweza kuua watu juu yake mpaka ukachoka, na ukimaliza haibaki alama. Nchi kavu angalau huonyesha makaburi. Nadhani hilo ndilo linalowatia wazimu wafalme. Wamezoea kitu kikipigwa kionyeshe kwamba kimepigwa.

Basi wafalme wa kale, wa huku na wa kule, walikaa wakafikiri, wakapata jibu moja, na ni jambo pekee walilowahi kukubaliana. Walisema: bahari ni ya yule ambaye kamba yake imekatiza mlango.

Mlango ndio hapa kwetu. Pwani mbili zinakaribiana mpaka mwanamke wa ng'ambo akimgombeza mumewe sisi tunajua kosa lake. Huku kuna nguzo ya jiwe, na kule kuna nguzo ya jiwe. Kati ya nguzo na nguzo inavutwa kamba nene kama paja, na merikebu haipiti mpaka kamba ilegezwe. Kamba ya Shaba imesokotwa kuelekea kulia, ya Mwerezi kuelekea kushoto. Ukiitazama tu unajua bahari ni ya nani, pamoja na visiwa vyote vilivyomo tusivyovijua, na samaki ambao hakuna aliyewauliza.

Na kamba hiyo, ya mfalme yeyote yule, tunaitengeneza sisi.

Sheria yao ni hii, nayo haibadiliki akija nani. Bahari ikibadili mmiliki, kila nyumba hutoa mtu mmoja aende kupiga makasia. Nyumba yenye mkono kwenye kamba, yaani yenye mwanamke aliyesokota, inasamehewa. Lakini kamba ikiachia yenyewe, mikono iliyosokota kipande kilichoachia ndiyo itakayolipa: msokotaji mwenyewe anakwenda kwenye makasia, na mtu mwingine wa nyumba yake pamoja naye. Kamba ikikatwa na adui kwa chuma, msokotaji hana kosa. Anaitwa kutengeneza nyingine.

Nilizaa watatu, nikawapa majina ya kuhesabia, Mosi, Pili na Tatu, kwa sababu nilikuwa na kazi nyingi. Mosi alichukuliwa na Shaba kabla sijaingia karakana ya kamba. Pili alichukuliwa na Mwerezi miaka sita iliyopita, mwaka ambao mkono wangu ulivimba nikashindwa kusokota. Mmoja anapiga kasia upande huu, mwingine upande ule. Huenda wameshagongana. Huenda mmoja alimwona mwenzake usoni kabla ya chuma cha mbele ya merikebu kuingia ubavuni. Sikai nikalifikiria hilo, kwa sababu makumbi ya nazi hayajisokoti. Watu bado wananiita Mama Mosi, na sijawakataza. Nimebaki na Tatu, na yote nitakayoyasema hapa niliyafanya ili Tatu abaki.

*

Siku ile ile ya kwanza tuliitwa karakana. Ni banda refu lisilo na kuta, refu kuliko msikiti, refu kuliko subira ya mtu. Tulikaa kwa safu, kila mmoja na furushi lake la makumbi yaliyofukiwa kwenye matope miezi sita, yakatolewa, yakapondwa, yakaoshwa. Harufu yake huifuata nguo mpaka kaburini. Tatu alikaa kulia kwangu. Kushoto kwangu alikaa Bi Mize, ambaye alinifundisha kazi hii, na ambaye kwa mujibu wa daftari la Shaba alikwisha kufa.

Msimamizi akaingia na kofia nyekundu ya Shaba. Alikuwa Bwana Shaame, yule yule aliyekuwa msimamizi wa Mwerezi mpaka juzi.

"Bwana Shaame," Bi Mize akasema, "wiki iliyopita kofia ilikuwa kijani."

"Na wewe wiki iliyopita ulikuwa hai. Tusichunguzane."

Tukacheka. Hata yeye alicheka kidogo, kisha akatoa karatasi akasoma kwa sauti ile ya watu wanaosoma kitu wasichokiandika. Mfalme wa Shaba amechoka na uchafu wa adui. Mara hii kamba itasokotwa kulia yote, nje na ndani. Uzi utasokotwa kulia, nyuzi zikiunganishwa kuwa mkono wa kamba ziunganishwe kulia, na mikono mitatu izungushwe kulia iwe kamba. Usibaki msokoto wa kushoto hata unywele mmoja. Kamba itakaguliwa kwa kufunguliwa, na atakayekutwa na msokoto wa adui ndani ya kipande chake atakwenda kwenye makasia na wa kwake.

Kisha Bi Mize akauliza, "Aliyeandika hiyo amewahi kushika kamba?"

"Mimi nimetumwa kusoma, bibi. Sikutumwa kuelewa."

Hapa nieleze, kwa sababu wasiosokota hawajui. Uzi ukiusokota kulia, unataka kurudi kushoto. Hilo ndilo umbile lake, umekasirika. Ukichukua nyuzi zilizokasirika hivyo ukaziunganisha kwa kuzizungusha kushoto, hasira yao inazishika. Kila moja inajaribu kujifungua, na katika kujifungua inamkaba mwenzake. Kisha mikono mitatu ya namna hiyo ukiizungusha tena kulia, inakabana zaidi. Kamba haishikwi na kitu kingine chochote. Haina gundi, haina msumari. Inashikwa na ugomvi wa ndani. Ukisokota vyote upande mmoja utapata kitu kinachofanana na kamba, kizuri, laini, na siku kitakapolowa na kuvutwa kitajifungua chenyewe mpaka kiwe makumbi.

Kwa hiyo kamba ya Shaba siku zote ilikuwa na kushoto ndani yake, na ya Mwerezi ilikuwa na kulia. Tangu bibi zetu tunaficha. Wafalme wameviziana karne kwa karne, kila mmoja akiwa amefungwa kiunoni na msokoto wa mwenzake, na waliokuwa wanajua ni wanawake ishirini wenye mikono inayonuka matope.

Nilimfuata Bwana Shaame uani. Sikumbembeleza. Nilisokota kipande cha urefu wa mkono, chote kulia kama alivyotaka mfalme, nikakichovya kwenye ndoo, nikampa ncha moja nikashika nyingine.

"Vuta."

Akavuta. Kamba ikazunguka mikononi mwake kama nyoka aliyeamka, ikafumuka, akabaki ameshika manyoya.

Alikaa chini juu ya gogo. "Mama Mosi, unanionyesha haya ili nifanye nini?"

"Uwaambie."

"Niwaambie kwamba kamba ya mfalme haiwezi kushika bila adui ndani yake? Nikiwa na shingo gani?" Akapangusa mikono. "Nitafungua mahali pamoja tu. Sichagui mimi. Mkaguzi wao, yule kijana wa upanga, ndiye atakayeweka kidole. Ombeni Mungu kidole kiangukie kwa mtu mwingine."

"Huyo mtu mwingine ni nani?"

"Usiniulize. Mimi pia nina nyumba."

*

Wanawake walikubaliana upesi, kwa macho, bila mkutano. Tutasokota kama kawaida, kushoto ndani. Kidole ni kimoja na kamba ni pima mia mbili na ushee. Kukaguliwa kunaweza kukukosa. Maji hayamkosi mtu.

Siku tisa za kusokota. Mtu akisokota siku tisa anakwenda mahali.

Paja linachubuka. Kiganja kinakwenda, kinarudi. Kulia, shika. Kushoto, shika. Ni mwaka wa kwanza, mwaka gani wa kwanza, ule niliokuwa na mimba ya Pili au huu? Nageuka nimwambie mama yangu anipe maji, nakumbuka mimi ndiye mama. Kulia, shika. Naona merikebu juu ya maji, zimejipanga mbele ya nyingine zilizojipanga, na wote waliomo wamevaa uso mmoja, uso wa mtu aliyeamshwa mapema. Naona mfalme wa Shaba na mfalme wa Mwerezi wamekaa pande mbili za meza, wakongwe, macho yameingia ndani, kila mmoja anaogopa mwenzake asife kwanza. Kushoto, shika. Nauliza, mnaitaka bahari mkaifanye nini? Wanatazamana. Mmoja anasema, "Asiipate yule." Mwingine anasema, "Hivyo hivyo." Nawaambia nimechoka. Wanasema hata sisi. Kiganja kinakwenda, kinarudi. Tatu ananigusa begani, "Mama, umelala na unasokota."

"Ndivyo inavyotakiwa," nikamwambia. "Angalia kipande chako."

Kipande chake kilikuwa pima kumi, katikati kabisa ya kamba. Nilikiangalia kwa nje. Kilikuwa kizuri. Nilijivunia. Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini ni laini vile.

Siku ya kumi kamba ikalazwa ufukweni, na kijana wa upanga akatembea kando yake taratibu, akisimama, akiendelea, anafurahia pumzi zetu. Akafika katikati. Akaweka kidole.

Kilikuwa kipande cha Tatu.

Bwana Shaame akainama na kijiti cha mfupa, akafungua mikono mitatu, akafungua nyuzi, akafungua uzi. Kulia. Kulia. Kulia. Kijana wa upanga akaguna, ameridhika. Askari wakapiga ngao. Bwana Shaame akaninyanyulia macho, na ninaapa yalikuwa macho ya mtu anayempa mwenzake pole.

Wanawake walidhani ni bahati. Mimi nilimtazama Tatu, naye akatazama mchanga.

*

"Ulisokota yote kulia."

"Nilisokota walivyosema."

"Nilikufundisha nini?"

Tulikuwa nyumbani, mlango mpya unagonga ukuta kwa sababu fundi aliupachika vibaya. Tatu alikuwa anamenya muhogo na hakuacha kumenya.

"Ulinifundisha kamba, Mama. Lakini wangeukuta msokoto wa kushoto, wangekuchukua na wewe. Msokotaji na mtu wa nyumba yake. Hapa nyumbani kuna nani mwingine? Mimi ningekwenda na wewe ungekwenda. Kwa umri wako ungemaliza siku ngapi?"

"Nyingi kuliko unavyofikiri."

"Mbili."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya lolote, nikachukua kisu cha pili nikamenya naye.

"Sasa ikilowa vizuri itaachia," nikasema. "Kipande chako. Watakwenda moja kwa moja kwenye jina lako."

"Najua. Maji makubwa ya bamvua ni lini?"

"Siku nne."

"Basi ni siku nne ambazo tulikuwa hatuna." Akatia muhogo maji. "Mama, mimi sijui. Labda nitawakuta kaka zangu."

"Huko hakuna anayemkuta mtu. Watu wanakaa migongo kwa nyuso, kila mmoja anaona kisogo cha aliye mbele. Pili alikuwa na kovu kisogoni. Hilo tu ndilo utakaloweza kulitafuta."

Akafunika muhogo, na mimi nilikuwa nimekwisha kuamua, ingawa nilijifanya bado nafikiri.

*

Siku ya tatu baada ya hapo, maji yalipokupwa, wanawake waliteremka kwenye mashimo ya makumbi kama kawaida. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, walinzi wa Shaba wanakula kivulini upande wa pili wa nguzo. Hakuna anayemtazama mwanamke mwenye panga na matope mpaka magotini. Nilipita mashimo, nikazunguka jiwe, nikafika penye ncha ya kamba. Kutoka pale nilikiona kipande cha Tatu katikati ya mlango. Kilikuwa kimeanza kuota manyoya.

Nilipima kwa jicho, nikainua panga.

"Siyo hivyo," sauti ikasema nyuma yangu. "Unakata kama mtu anayekata muwa."

Bi Mize alikuwa amesimama ndani ya maji, kanga ameikunja kiunoni.

"Panga la Mwerezi limepinda," akasema. "Linaingia kutoka chini, kwa mshazari. Wakiona mkato ulionyooka watajua ni la jikoni. Anza hapa, ukimaliza mkono wa kwanza ugeuze."

Niliteremsha panga. "Umejuaje?"

Alitazama upande wa walinzi, kisha akanitazama mimi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kubeba kitu mpaka hakumbuki alikipokea wapi.

"Miaka sita iliyopita mjukuu wangu alisokota vibaya. Kosa la kitoto, alikuwa anawaza harusi. Ingeachia kwenye bamvua. Nikaja hapa. Shaba walipoona mkato wakatoka wote kwenda kumtafuta Mwerezi baharini. Mlango ukabaki wazi, Mwerezi akaingia."

"Mwaka ule walimchukua Pili."

"Ndiyo."

"Ulikuja msibani. Ulikaa na mimi siku saba. Ulinipikia."

"Ulidhani nilikaa kwa sababu gani, Mama Mosi? Ulidhani ni ujirani?"

Maji yalikuwa yanarudi taratibu, yananifikia kwenye vifundo. Nilikuwa na panga mkononi na mtu aliyenichukulia mwanangu mbele yangu, na sikuona hasira mahali popote. Niliitafuta. Nilikuta uchovu tu, na nyuma ya uchovu, hesabu fupi ya nyumba za mtaa wetu.

"Na kamba ya Mwerezi, hii ya majuzi?" nikauliza. "Ile nayo ulikata wewe?"

"Ile si mimi. Ni mama mwingine. Sijui nani, na sitaki kujua."

Basi hilo ndilo jibu, kwa wale wenye nafasi ya kuuliza vita hivi vilianza lini. Vilianza siku mtoto wa mtu alipokosea. Wafalme wanadhani vita ni vyao. Wanaandika ushindi kwenye mawe, wanageuza milango, wanahesabu moja. Wala hawajui kwamba kila mara aliyeanza alikuwa mwanamke mwenye panga la jikoni, anayekata upesi kabla walinzi hawajanawa mikono.

"Nyumba gani haikusokota mwaka huu?" nikauliza.

"Unaijua."

"Itaje."

"Ya Salme. Ametoka kujifungua, hakuweza kuja karakana."

"Shaba walimchukua nani?"

"Walimruka, alikuwa na siku tatu za uzazi, Shaame aliandika nyumba ni tupu. Mwerezi hawatamruka. Watamchukua Vuai, mumewe. Hakuna mwingine pale isipokuwa kichanga."

Vuai ndiye aliyenitengenezea paa. Hakunitoza kitu, alisema nimkumbuke kwenye dua. Nilisimama nikafikiri juu ya hilo kwa muda ambao mtu anaweza kusimama mahali kama pale, na si mrefu. Nilifikiri, naweza kurudi nyumbani. Naweza kuiacha kamba iachie, Tatu aende na mimi niende naye, na Vuai abaki, na mkono wangu uwe safi. Ningekaa kwenye kasia, na mikono safi, nikitazama kisogo cha Tatu. Bi Mize hakunisukuma. Alisubiri tu, kama mtu anayesubiri chungu kichemke.

Nikakata. Niliingiza kutoka chini, kwa mshazari, kama alivyosema. Si kazi ndogo. Kamba nzuri inapigana na wewe, na huku kwenye ncha ilikuwa nzuri, ilikuwa kipande cha Bi Mize mwenyewe. Alinishikia isinirudie usoni. Mkono wa mwisho ulipokatika, kamba yote ikavutwa na maji, ikang'oka hata kwenye nguzo ya ng'ambo, ikapita mbele yetu, pima mia mbili, ikaingia kwenye mkondo pamoja na kosa la Tatu, na mlango ukawa wazi. Nilitazama maji. Kwa muda ule mfupi hayakuwa ya mtu. Sikuona tofauti yoyote.

"Oga," Bi Mize akasema. "Una nyuzi kwenye nywele."

Nilioga. Nikafika nyumbani nikachukua pishi nikapima mchele, wa kutosha siku saba, nikautia kwenye mfuko na kuufunga, kwa sababu kwa Salme hakutakuwa na mtu wa kupika. Nilikuwa bado naufunga baragumu lilipolia ufukweni, kisha la pili, kisha miguu mingi ikapita mtaani inakwenda kwenye merikebu. Tatu alitoka chumbani amejishika kifua.

"Kamba imekatwa," akasema. "Wanasema ni chuma, haikuachia. Nani amekata, Mama?"

"Mwerezi," nikamwambia.

Ilikuwa saa nane mchana. Kufikia alasiri ilikuwa kweli.